Koliflawa Iliyosafiri

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na ngazi thelathini na mbili, kutoka juu ya paa la nyumba yetu hadi sebuleni kwa baba, na Jumamosi ile niliishuka mara mbili. Mara ya kwanza nilishuka na sinia, nikijiona mjanja. Mara ya pili nilishuka na ndoo, na ujanja wote ulikuwa umenitoka.

Lakini nisirukie mbele. Lazima nianze na baba, maana bila ubishi wa baba yangu kusingekuwa na sinia wala ndoo.

Baba alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na moja. Alizunguka kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha kwa miguu pikipiki ilipokufa, akiwafundisha watu wa huku kwetu kwenye joto kali nini cha kupanda na nini cha kuacha. Alipostaafu alirudi nyumbani na kofia yake, madaftari yake ya kazi na imani moja isiyotikisika: koliflawa, lile ua jeupe la ukoo wa kabichi, haiwezi kufunga kichwa kwenye joto letu. "Majani itatoa," alikuwa akisema, "lakini kufunga, haifungi. Nimeandika mwenyewe." Na baba akishaandika jambo kwenye daftari, limekwisha.

Mimi sasa, katika wanaume wote waliojaa duniani, nikampenda anayebishana na jua.

Alikuja kututengenezea friji. Nilimkuta jikoni amepiga magoti, sikio kalibandika kwenye mlango wa friji kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nikaanza kumweleza tatizo lilivyoanza, akainua kidole kimoja kuniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Mama, aliyenizaa na anayenijua, alisimama mlangoni akishangaa. Friji ilipoanza kunguruma tena, yule kijana akaiona cherehani yangu na rundo la sare za shule nilizokuwa nashona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Kumbe na wewe fundi."

Tangu siku hiyo hatukuitana vingine. Yeye Fundi, mimi Fundi. Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi nasi na hujua mambo yetu kabla yetu wenyewe. Yeye alimpa jina la Barafu. Alisema kijana mpole vile lazima alikuwa amehifadhiwa mahali pa baridi.

Fundi alikuwa amepanga chumba kimoja kisicho hata na kibaraza, ndipo akamwomba mama kona ya paa letu apande mboga. Mama akakubali akidhani ni vyungu viwili vitatu. Fundi akaleta friji mbovu sita. Alizipandisha moja moja na wenzake wa karakana, akang'oa milango, akazilaza chali. Mama alipopanda kuanika nguo alishuka mbio akisema kule juu kuna majeneza.

Nilimuuliza Fundi kwa nini asipande kwenye ardhi ya kukodi kama watu wengine. Akaniambia kwamba kazi yake yote ni kupigana na joto kwa ajili ya nyama na soda za watu, na kwamba anataka kulishinda mara moja tu, kwa ajili ya kitu kinachopumua. "Ukuta wa friji haujui ndani kuna nini," alisema. "Wenyewe unazuia joto tu. Ukiweka nyama, ukiweka udongo, ni mamoja."

Basi akapanga ndoo ndani ya zile friji, akazizungushia maranda ya mbao yaliyoloweshwa maji. Ndoo zote alizipaka rangi nyeupe. Chini ya kila friji alifunga magurudumu, ili saa nne asubuhi, jua likianza ukali, tuzisukume nyuma ya tangi la maji penye kivuli. Mbegu alizifunga kwenye kitambaa kibichi na kuzilaza siku tatu ndani ya friji yetu ya jikoni kabla hajazipanda, kwa sababu, alisema, mbegu ya baridi ikiguswa na joto hulala na haiamki. Mimi kazi yangu ilikuwa kivuli: nilichana mashuka mawili meupe ya mama, nikayaunga, nikayatia pindo na vitanzi vya kufungia. Na kazi yangu nyingine ilikuwa maji, kabla jua halijachomoza, nikianza kwa kumwaga yale ya kwanza yanayolala ndani ya mpira wa kumwagilia, maana huwa yamehifadhi joto la jana.

Saladi ikaota. Karoti zikaota. Mama akaacha kusema majeneza. Baba akala ile saladi, akasema saladi si hoja. Ndipo Shangazi, kwa ile tabia yake ya kuchokoza nyuki mzingani, akamuuliza mbele yetu sote, huyu Barafu akitaka kuoa humu ndani atafanyaje, maana ardhi hana. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akasema siku kijana yule atakapomletea koliflawa iliyofunga juu ya paa hili, siku hiyohiyo atampa binti.

Alisema kwa mzaha, lakini Shangazi hakumwacha aurudishe mzaha wake mfukoni. Alimwambia, "Kaka, umesema. Sisi sote tumesikia." Baba naye si mtu wa kula maneno yake, hata yakiwa machungu. Na mimi usiku huo sikupata usingizi kwa furaha, kwani niliamini Fundi anaweza kufanya lolote.

Laiti ningeendelea kuamini hivyo.

Alipanda miche sita. Miwili ililiwa na viwavi. Mitatu ikatoa majani makubwa yaliyonenepa kwa kiburi, na katikati patupu, vilevile alivyoandika baba. Mmoja ukafunga. Siku moja kikatokea katikati ya majani kichwa kama kifungo cha koti, nasi tukakishangilia kama wazazi. Kisha ikaja wiki ya joto ambayo hata lami ilinata viatuni. Fundi akawa anaacha kazi mchana kuja kuweka vipande vya barafu kwenye maranda. Wiki ikapita. Kichwa kilikuwa hai, lakini kilikuwa kimegoma kukua. Kilikuwa na ukubwa wa ndimu.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla mjomba wake Fundi hajaja kuleta posa, tulisimama juu yake tukiinama. Fundi aliyakunja majani, akayafunga juu ya kichwa kwa utepe aliochukua kwenye kapu langu la mabaki, ili jua lisikiunguze. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Imefunga, Fundi," akaniambia. "Ndogo ni ndogo, lakini imefunga."

Nikamwambia labda tungoje wiki nyingine. Akasema ikingojwa itapasuka na kutoa maua. Nikamwambia baba atacheka. Akasema acha acheke, akimaliza kucheka ataangalia, na mzee yule akiangalia mmea hawezi kudanganya. Akanishika kiganja, akanitazama kwa yale macho yake ya kusikiliza, nami nikatazama pembeni, kwenye ile ndimu. Nilikuwa nawaona mjomba wake na suti yake, Shangazi na midomo yake, baba na kicheko chake. Niliona haya. Ndivyo ilivyokuwa, na sina njia ya kulisema vizuri zaidi.

Ijumaa alinipigia simu. Alikuwa ameitwa kwenye bucha moja, chumba cha baridi kilikuwa kimezimika na nyama inaharibika. Angekesha huko na kuja Jumamosi moja kwa moja. Akaniomba kitu kimoja tu. "Ishushe na ndoo yake. Usiikate. Nataka mzee aione ikiwa hai." Nikamjibu sawa.

Baada ya simu ile nilijifunga kitenge nikaenda sokoni. Kuna mama pale huuza mboga zinazoletwa na malori kutoka kwenye baridi, mbali huko milimani. Nilichagua koliflawa iliyo nzuri kuliko zote, nyeupe pe, kubwa kama kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuinunua. La pili lilikuwa kuchagua nzuri.

*

Jumamosi saa kumi sebule ilikuwa imejaa, ingawa tulikuwa sita tu. Baba alikaa kwenye kiti chake. Mama alivaa gauni nililomshonea mwenyewe, akilivuta mikono kila dakika. Mjomba wake Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzito na suti ya kahawia, na alizungumza kwa mafumbo kama inavyotakiwa: wameona ua zuri katika nyumba hii, wamekuja kuuliza lina mwenyewe au halina. Shangazi akamjibu kwamba ua lipo, ila mlango wake umefungwa kwa mboga. Watu wakacheka. Fundi alikaa ukingoni mwa kochi, macho mekundu kwa kukesha, mikono ingali na harufu ya gesi ya friji, na kila nilipopita alinifuata kwa macho.

Baba akasema, "Haya. Iko wapi?"

Fundi akanigeukia, akaniashiria kwa kichwa. Nikapanda ngazi. Juu ya paa nilikuwa nimeficha sinia tangu asubuhi, koliflawa ya sokoni ndani yake, imefunikwa kitambaa nilichokitarizi. Nilisimama kidogo karibu na ile ndoo. Majani yalikuwa yamefumbwa, utepe wangu umefungwa vizuri. Sikulegeza utepe. Nikachukua sinia nikashuka.

Nilipofunua kitambaa, Shangazi alivuta pumzi kwa nguvu. Mama akafunika mdomo. Mjomba akapiga paja lake akasema huyu ndiye mpwa wake. Mimi nilikuwa namtazama Fundi, maana nilidhani ataelewa, nilidhani tutacheka baadaye, sisi wawili, tukiwa wazee. Fundi alikuwa anaitazama sinia. Kisha akanitazama mimi, na lile tabasamu la upande mmoja likazimika taratibu, kama taa umeme ukipungua.

Baba alivaa miwani. Akaipokea koliflawa kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye kikonyo pale ilipokatwa. Akainusa. Akaiweka tena kwenye sinia kwa upole ambao uliniogopesha kuliko makofi.

"Hii imesafiri," akasema.

Baba akaendelea kwa sauti yake ya zamani, ya kufundishia. Alisema kikonyo kimekauka, imekatwa si chini ya siku tatu zilizopita. Alionyesha upande mmoja uliobonyea, akasema hapo ililaliwa na wenzake ndani ya gunia. Na weupe huu, alisema, ni weupe wa umande na ukungu. Koliflawa ya joto, kama ingekuwepo, ingekuwa na rangi ya siagi. Kisha akavua miwani.

"Kijana, hii umeipanda wewe?"

Nilisikia friji ya jikoni ikinguruma, ile aliyoitengeneza yeye.

"Sikuipanda mimi, mzee," Fundi akasema.

"Nani kaileta humu ndani?"

Fundi alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa mimi. Angelitamka angekuwa salama. Aliinamisha kichwa, akaitazama mikono yake.

"Nimekuja kuposa, mzee. Sikuja kushtaki mtu."

Baba akayaelewa maneno hayo kinyume, kama ambavyo mtu yeyote angeyaelewa. Akamwambia kwamba angekuja mikono mitupu na kusema imeshindikana, angemheshimu. Kwamba shamba linasamehe mvivu na linasamehe mjinga, ila mwongo halimsamehi. Alisema taratibu, kama anayesoma. Mjomba akawa amekwisha kusimama, anafunga vifungo vya koti, akinung'unika kwamba hajawahi kuaibishwa hivi tangu azaliwe. Shangazi, mtu asiyekosa la kusema, alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitambaa changu.

Na mimi nilinyamaza. Yule niliyekosa kunyamaza maisha yangu yote, leo nilikuwa nimenyamaza. Nilihesabu vifungo vya koti la mjomba: kimoja, viwili, vitatu. Kilipofungwa cha tatu, Fundi alisimama pia, na aliposimama hakunitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba ataondoka na mzigo wangu mgongoni, na kwamba hatanidai chochote, na kwamba sitaweza kuishi na hilo.

"Ngojeni," nikasema. Nikarudia. "Naombeni mngoje kidogo."

Sijui nilipandaje zile ngazi. Niliing'oa ndoo kutoka kwenye maranda, nzito, maji yakinimiminikia kwenye gauni langu jipya, nikashuka nayo nimeikumbatia kifuani. Nikaiweka kwenye zulia la mama, mbele ya miguu ya baba.

"Niliyeleta ile ni mimi, baba. Nimeinunua jana. Yeye hakujua. Aliniambia nishushe hii."

Mama akaniita mwanangu, akaishia hapo. Baba alinitazama kwa muda mrefu, na ningependa kusema kwamba niliona hasira, maana hasira ya baba naijua na hupita. Niliona amechoka. Kisha akavaa tena miwani, akapiga magoti juu ya zulia, yeye mwenye magoti mabovu, akafungua ule utepe.

Majani yalifunguka. Katikati palikuwa na ile ndimu, rangi ya siagi, imefungana kabisa.

Baba aliigusa kwa ncha ya kidole, akaondoa kidole upesi. Akaingiza mkono kwenye udongo hadi kifundo, akaacha hapo. "Wa baridi," akasema peke yake. Akauliza bila kuinua kichwa mizizi inapozwa na nini, na Fundi, akiwa bado amesimama karibu na mlango, akamweleza habari za kuta za friji. Akauliza mbegu ziliamshwaje. Akauliza kivuli ni cha saa ngapi. Kila jibu alilipokea kwa mguno mdogo. Mjomba akafungua tena kifungo kimoja.

"Miaka thelathini na moja," baba akasema. "Kuna mama mmoja aliwahi kuniambia anataka kujaribu nyuma ya nyumba yake, kwenye karai. Nikamkataza. Nikamwambia asipoteze mbegu." Akatoa mkono udongoni. "Isikatwe hii. Nataka niuone mwisho wake."

Akainuka kwa kushika kiti, akamgeukia mjomba, akamwomba akae. Akasema kibaya chako si chema cha mwenzio, na kijana huyu alikuwa na chake, ila kilinyimwa nafasi ya kusimama. Akasema yeye neno lake ni lile alilolisema mbele ya dada yake, na halibadiliki. Binti amempa.

Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo kushangilia. Aliponitazama akaufunga.

Fundi akashukuru, kwa adabu zake zote. Kisha akamwomba baba ruhusa ya kusema nami maneno mawili juu ya paa, mlango ukiwa wazi.

*

Jua lilikuwa limeshuka, lakini sakafu ya paa ilikuwa bado inachoma kupitia kandambili. Mashuka ya mama yalikuwa yanapepea juu ya friji. Fundi alitembea hadi kwenye shimo la maranda ilipokuwa ile ndoo, akalisawazisha kwa mkono. Nilianza kuomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa haraka, nikirukaruka: kwamba nilifanya kwa ajili yetu, kwamba nilimjua baba, kwamba niliogopa.

"Uliogopa nini?"

"Kukukosa."

"Hapana," akasema. Hakupandisha sauti. "Uliogopa wacheke. Kunikosa ni kitu kingine."

Nikamwambia si kweli, na nilipokuwa nasema nilijua ni kweli. Akageuka. Nilikuwa nimeyapenda macho yale kwa sababu yalisikiliza. Sasa yalikuwa yamemaliza kusikiliza.

"Baba yako amesema haiwezi kwa miaka thelathini. Sikumchukia hata siku moja. Hakuwahi kuiona. Wewe uliiona. Uliimwagilia kila asubuhi. Ulijua jinsi nilivyokuwa nakimbia na barafu mchana. Kama wewe uliiona na bado hukuiamini, nani ataiamini?"

"Baba amekubali, Fundi. Umeshinda."

"Mimi sikutaka kumshinda baba yako."

Nilimsogelea nikamshika mkono. Hakuutoa. Aliuacha tu ndani ya wangu, kama mtu anayemwachia mwingine kitu amshikie kwa muda. Akaniambia kwamba kesho kutwa nitamwona mnyonge mbele ya wakubwa zaidi ya hawa, kazi itaharibika, biashara itagoma, mtoto wetu labda atakuwa mfupi kuliko wa jirani. Akauliza siku hiyo nitakwenda soko gani.

Nililia, na yeye alikuwa na macho yaliyojaa, na hakuna aliyemfuta mwenzake.

Alisema atamwomba mjomba wake aisimamishe posa. Nikauliza kwa siku ngapi. Akasema hajui, joto likishaingia kwenye udongo halitoki siku moja. Kisha akatazama tangi, akatazama mpira wa maji uliolala juani, na ile tabia yake ya kazi ikamshinda hata hapo. Akanikumbusha nimwage kwanza maji ya moto.

Kwenye ngazi ya kwanza alisimama, mkono ukutani. Nilidhani atarudi. Nilikuwa tayari kuliacha lolote lililobaki la heshima yangu endapo angerudi hatua moja.

"Kwaheri, dada," akasema.

Hajawahi kuniita hivyo. Nilihesabu nyayo zake mpaka chini, zote thelathini na mbili. Nikasikia sauti ya mjomba ikishangaa, nikasikia mlango, halafu nikasikia baba akiuliza sebuleni kulikoni tena, mkwe wake anakwenda wapi na chai haijaandaliwa.

Usiku mama aliipika ile iliyosafiri, kwa kuwa chakula hakitupwi. Waliila. Shangazi alisema ni tamu, akajuta kusema.

Asubuhi yake, kabla jua halijachomoza, nilipanda kumwagilia. Nilimwaga maji ya kwanza ya mpira, nikangoja yabadilike, nikajaribu kwa kiganja. Ndoo ilikuwa imerudishwa kwenye maranda. Nilishangaa nani aliibeba, mpaka nilipomsikia akihema nyuma yangu. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanzu imelowa maji ya maranda, daftari lake la kazi mapajani. Lilikuwa limefunguliwa kwenye ukurasa uliogeuka rangi. Nilisoma mwandiko wake wa ujanani: koliflawa, haifungi. Alikuwa amepiga mstari juu ya neno la mwisho, mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni tarehe ya jana, na baada ya tarehe: juu ya paa, ndani ya friji, kichwa kidogo, imefunga.

Hakunigusia ya jana. Aliuliza tu, kalamu mkononi, kama anavyouliza mtu anayetaka kazi yake iwe sahihi.

"Hapa mahali pa mpandaji. Nikuandike wewe na yeye?"

Nilifunga utepe wa majani taratibu, kwa fundo alilonifundisha Fundi.

"Mwandike yeye peke yake, baba," nikasema. "Mimi nilikuwa namwagilia tu."